Pumziko la Mama Roselida

Mwaka umetimia, Mama Roselida, tangu tukulaze Kocholia, na nyumba yako hapa Malaba ilikuwa haijaimba tena hadi juzi.

Mchana ulikuwa ajenti wa forodha, jioni mwalimu wa kwaya, na hukuona ajabu yoyote. Madereva waliokwama kwenye foleni ya malori uliwashughulikia hati zao, kisha ukawavuta mazoezini. Bado tunakusikia ukimkatiza yule wa Kampala: "Ssebo, bwana wangu, umeingia mapema. Hapo ni pumziko. Wimbo haujaisha, wewe hesabu tu."

Wapo waliosema unawapotezea watoto wa kwaya wakati wa masomo. Uliwajibu huku ukichambua omena: "Kwani mtu akijua kupika ndio anasahau kusoma?" Ulikuwa na maneno, Mama.

Ulipoondoka, Baba alikifungia kinanda chako kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Kisha bintiyo Aguti akapata nafasi ya kusomea uuguzi, akasema Jumamosi atakuwa anarudi kufundisha kwaya yako. Baba akamwambia mbele yetu sote: "Chagua. Ni nursing ama ni hizo nyimbo. Ukishika zote mbili, usiniulize kitu."

Tangu hapo yeye na Aguti walipishana mlangoni bila salamu, nasi tukala tukitazama sahani. Tuliogopa kwamba akienda chuoni hatarudi. Mama, hapo ndipo tulipokukosa sana.

Juzi, tukijiandaa kwa misa yako, Aguti aliipanga kwaya uani akaanzisha wimbo ulioupenda. Baba akatoka nje, uso umekunjamana. Tulitaka kuacha, lakini macho ya Aguti yalitukataza. Tukafika penye pumziko, tukanyamaza, tukawa tunahesabu. Kabla hatujamaliza, sauti ya besi ikaingia peke yake, imekwaruza, imewahi kabisa.

Hakuna aliyecheka.

"Baba," Aguti akasema polepole, "umeingia mapema. Hapo ni pumziko, unahesabu."

"Nimehesabu mwaka mzima," Baba akasema. Akaingiza mkono mfukoni, akampa ufunguo.

Unakumbukwa na mumeo Omoding, aliyerudi kwenye besi, binti yako Aguti, mwanafunzi wa uuguzi na mwalimu wa kwaya, mwanao Derrick, dada yako Trizah, na madereva wako wa foleni. Hututoki moyoni, Mama, leo na daima.