Kijiti Ndani ya Ubao wa Kyalo

Kyalo,

Wewe ni mtu bure kabisa. Nasema hivyo na sioni haya, hata kama umelala hapo nyuma ya nyumba. Nani alikuambia kijiti kinaweza kushika baharini?

Usininunie. Ulipewa jina la babu yako, kwa hivyo kwangu mimi Susu, nyanya yako, wewe ni mume, na mume akikosea mke wake atasema.

Ni ule ubao wako wa kuteleza juu ya maji, ule rafiki yako Hamisi alituletea kutoka pwani pamoja na nguo zako. Tangu tukuzike ubao ulikaa nyuma ya ghala. Mimi nilitaka uwe mlango wa banda la kuku. Dada yako Mwende akakataa, akalia mpaka nikamwacha. Sasa amesema anaenda huko huko pwani. Hamisi amemtafutia nafasi afundishwe ile kazi yako ya kuvutwa na tiara ya upepo juu ya bahari, na anataka kutumia huo ubao. "Susu, ni mzima. Ni mikanda ya miguu tu imelegea."

Tu! Sikia huyo. Kwani hakuwa kwa matanga Hamisi akitueleza? Mguu ulichomoka kwa mkanda, upepo ukakubeba kama mwewe amebeba kifaranga, ukakutupa kwa mawe.

Nikamwambia alete bisibisi, na hakuna kufungua kitu bila mimi kuona. Skrubu ya kwanza ikatoka kwa vidole. Mwende akapindua ubao, akaugonga, na kutoka kwa shimo kikaanguka kijiti. Kijiti, Kyalo, ulikigonga humo ili skrubu ishike! Kimechongwa vizuri, chembamba upande mmoja, vile babu yako alikuwa anachonga vya kukazia miguu ya vigoda. Kilikuwa kimeoza, kinanuka chumvi.

Nilikiokota, nikakigeuzageuza kiganjani.

Kumbe ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwangalia babu yako. Ulikuwa unakaa kwa yale maranda yake, sisi tukidhani unacheza tu. Anachonga kijiti, anakipaka gundi, anagonga, anasema, "Itashika." Na wewe na mapengo yako, "Itashika!" Tulicheka sana.

Na ilishika. Hiki kigoda nimekalia nikikuandikia ni kazi yake. Lakini kigoda kinakaa chini, hakivutwi na upepo wa Mungu. Babu yako hakukufundisha mambo ya bahari, maana bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Na ndani ya ubao wako si mti, ni kitu kama godoro lililokauka. Nati ya chuma inayoshika skrubu ilikuwa inacheza mle ndani kama jino la mzee. Si ungeuliza? Huko pwani hakuna mafundi? Lakini wewe ni mjukuu wa mchongaji, ulione wapi hilo la kuuliza watu.

Sijui kama ni hicho kijiti kilikuua. Hamisi anasema upepo wenyewe ulikuwa mbaya. Nikipalilia mbaazi nakuuliza, nikikama ng'ombe nakuuliza. Hunijibu. Hiyo ndiyo inanikasirisha, Kyalo. Hiyo...

Wacha niendelee. Mwende alitoa nati zote zilizolegea, akakwangua uozo, tukaanika ubao juani mpaka ukakauka. Akachanganya ile gundi ya mirija miwili inayokuwa ngumu kama jiwe, akazipanda zile nati upya. Mkanda mmoja ulikuwa umechanika, nikaushona mimi mwenyewe na sindano ya kushonea kikapu cha kiondo. Huo hautachanika tena, mshono wangu naujua.

Leo amekaza skrubu. Nikaingiza mguu wangu na nyufa zake, yeye akashikilia ubao, nikavuta kama mtu anang'ang'ana na fahali. Mikanda ikakaa imara. Isipokuwa skrubu moja ya kushoto. Ilizunguka kidogo.

"Hiyo ni sawa, Susu. Basi linaondoka kesho asubuhi."

Niliuona uso wako kwa uso wake, ule uso wa haraka. Nikabeba ubao nikaufungia chumbani kwangu, na ufunguo niko nao hapa kifuani. Amenuna, hata muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe hakugusa. Anasema nataka kumfungia hapa kwa sababu naogopa.

Naogopa, ndiyo. Nimezika mmoja. Lakini kumfungia, hapana, na hilo nakuahidi wewe kabla ya kumwambia yeye. Ataenda. Hata wewe ulikuwa unarudi nyumbani umenyooka, unatembea kama mwenye mali, kwa sababu ya kazi hiyo. Lakini basi la kesho litamwacha. Tutang'oa hiyo nati, tuipande tena, tungoje ikauke, na nitavuta mpaka niridhike mimi, si yeye.

Haya, mume wangu, lala. Nimemaliza kukugombesha.

Yako ni kazi moja. Mwenye zamu ya kuja huko uliko ni mimi. Ukimwona Mwende anakuja mbele yangu, simama njiani, mchape, umrudishe nyumbani.

Ni mimi, Susu wako