Plastiki Iliyogoma Kumiminika

Jumatatu, 3 Novemba
Mapipa mawili motoni tangu asubuhi. Plastiki inayeyuka, mchanga unaingia, tunakoroga, tunamimina kwenye kalibu. Matofali ya njia ya hospitali ya uzazi ya misheni, yaishe Jumamosi. Uwanja ule ni tope tupu. Wiki iliyopita mama mjamzito alianguka. Nikishindwa, masista watachukua saruji, na plastiki yangu hakuna atakayeiamini tena Kolwezi. Nimechoka, ila vizuri.

Jumanne, 4 Novemba
Mvua. Mchanga wa mtoni umelowa, haufai kwenye plastiki ya moto. Tata Mulunda, mwenzangu, aliyefyatua matofali miaka mingi, akaleta udongo mkavu wa kichuguu, ameuchekecha laini kama unga.
"Mama, hii njo udongo ya matofali. Iko na nguvu!"
Nikakubali. Nusu ya nyumba za hapa zimesimama kwa kichuguu. Tukatia ndoo idadi ileile kama za mchanga. Rojo likasimama kwenye mti wa kukorogea kama bukari, ugali mgumu.

Jumatano, 5 Novemba
Hasira. Tumeongeza moto, tukapata moshi mweusi na harufu mbaya. Ukikoroga kwa nguvu linasogea, ukiacha, linakaa. Pembe za kalibu tupu. Matofali kumi na mawili, yote yamepasuka. Nimemjibu Tata vibaya. Si haki, mimi ndiye niliyekubali.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimejaribu kwenye visufuria. Plastiki kipimo kimoja. Huku mchanga wa chembe kubwa, huku kichuguu. Mchanga ukamiminika. Kumbe ni hivyo! Chembe za unga ni nyingi mno, kila moja inataka kupakwa plastiki, haibaki ya kuzitelezesha. Nimecheka peke yangu.
Nikamwomba Tata radhi. Akatikisa kichwa.
"Mi nilizoea maji, mama. Udongo ya tofali ikikaza, unaongeza maji. Hapa utaongeza nini?"
Tumekaanga mchanga wa mtoni juu ya bati hadi ukakauka. Vumbi lake amelichekecha mwenyewe, akalitupa.

Ijumaa, 7 Novemba
Linamiminika! Pembe zote zimejaa. Mikono inauma. Furaha tupu.

Jumamosi, 8 Novemba
Tumepanga matofali uwanjani hadi saa kumi. Tofali la mwisho amelitia Tata. Mvua ikaanza tukikusanya koleo.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa nilipitia hospitali. Bado kunanyesha. Mama mmoja mwenye tumbo kubwa alivuka uwanja akizungumza na mumewe. Hakuangalia chini hata mara moja.