Mkoba wa Mama Mkwe Hauponi

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga, na nakuomba mapema usichoke kunisoma, kwa sababu mimi ni mtu wa sindano na kalamu imenipiga chenga tangu shule, lakini moyo umejaa na sina wa kumwambia, maana mtu ambaye siku zote humwambia yangu ni mke wangu, na jambo lenyewe linamhusu mama yake mzazi.

Nilikuwa fundi wa kushona viti vya magari kwa miaka kumi na tisa mpaka mgongo uliponigomea nikarudi nyumbani, na nilipochoka kukaa nikaanza kusafisha mikoba ya zamani ya ngozi, ile ambayo watu wameirithi au wameisahau juu ya kabati, na namshukuru Mungu kazi imeitika, meza yetu ya chakula sasa tunalia upande mmoja tu, upande wa pili ni brashi, sponji, mafuta ya ngozi, nta na nyuzi. Mke wangu ni mwalimu, anatoka asubuhi anarudi jioni, mimi nashinda na redio yangu, sina ugomvi na mtu, kwa hiyo usidhani nimekuandikia kulalamikia maisha, maisha ni mazuri tu.

Sasa mwaka jana, miezi michache baada ya baba mkwe kufariki, mama mkwe, ambaye anakaa kwa shemeji yangu mitaa miwili kutoka hapa, alikuja siku ya Alhamisi na mkoba wake wa kahawia wenye kifungo cha shaba, ambao marehemu alimnunulia walipopata mtoto wa kwanza, yaani huyo huyo mke wangu, na ukungu ulikuwa umetapakaa kote utadhani umemwagiwa unga. Akauweka mezani akasema, "Mwanangu, kama umekufa niambie tu, nimeshazoea." Nikamwambia, "Mama, ngozi haifi upesi hivyo, vuta kiti nikuonyeshe."

Akavuta kiti, mshauri, na hapo ndipo mambo yalipoanza, kwa sababu mama huyu anauliza kuliko wanafunzi wote wa mke wangu, kwa nini unaanza na brashi kavu, kwa nini unajaribu siki kwanza chini ya kifuniko pasipoonekana, kwa nini kitambaa unakikamua mpaka kinakaribia kukauka, kwa nini unauweka kivulini wakati jua lipo la bure, nami nikamjibu yote, nikamwambia ngozi ikioshwa kwa maji mengi inakakamaa, ikianikwa juani inapasuka, na mafuta hupakwa kidogo kidogo kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Nikamfundisha na madoa, kwamba doa la chai ukiliwahi linatoka, mkwaruzo mdogo unazibwa kwa krimu ya rangi, mshono uliofumuka unarudiwa, lakini wino ukishazama ndiyo basi tena, na mafuta ya kupikia yakiingia utayaficha tu, hutayatoa. Akawa anacheka anasimulia kwamba marehemu alikuwa hajui rangi kabisa, mpaka anaingia kaburini aliamini ule mkoba ni mweusi. Alipoondoka, nilikuwa nimeujaza magazeti makavu urudishe umbo lake, ukang'aa, nami nikajisikia mwanamume.

Wiki tatu baadaye akarudi, Alhamisi tena, mkoba una doa la chai, nikasema bahati mbaya, nikasafisha, tukacheka. Wiki tatu nyingine, mikwaruzo. Wiki tatu nyingine, mshono wa pembeni umefumuka, na ndivyo tulivyoendelea, kila baada ya wiki tatu, Alhamisi, tangu mwaka jana mpaka leo, na sasa mke wangu anasema, "Baba, hivi mkoba wa mama yangu ndio wa kujifunzia au ufundi wako ndio umeishia hapo?" na shemeji ameniita Fundi wa Wiki Tatu mbele ya watu, jina likashika, juzi mteja mmoja ameniuliza kama ni kweli kazi zangu hazidumu, naye alikuwa amekuja na mkoba wa bibi yake, akaukumbatia akaondoka nao.

Mshauri, mimi si fundi mbovu. Mwezi uliopita niliuweka ule mkoba dirishani nikautazama vizuri, na nilichokiona kimeninyima raha, kwa sababu uzi uliochakaa ukikatika ncha zake zinakuwa na manyoya, lakini nyuzi hizi zilikuwa zimekatwa mkato mmoja safi wa mkasi, na nilipokumbuka ile mikwaruzo ilikuwa mitatu, urefu mmoja, imenyooka kama imepimwa kwa rula, na hata lile doa la chai lilikuwa duara zuri la mtu aliyemimina kwa kijiko. Mama mkwe anauharibu mkoba wake mwenyewe kwa mkono wake, halafu ananiletea huku ananiangalia usoni na kusema, "Sijui umepatwa na nini tena, mwanangu."

Sijui ananijaribu au ananikomoa, kwa sababu hata posa yangu alichelewa kuikubali. Nimefikiria nimwambie mke wangu nisafishe jina langu, nimefikiria nimuulize mama mwenyewe, nimefika hadi kufikiria niupake mkoba mzima vanishi ya mbao, ile ngumu, usipenye tone wala mkwaruzo tena, na mimi najua vizuri vanishi inaiua ngozi. Lakini nikikumbuka anavyokaa pale mezani miguu amekunja, akinishikia uzi, nashindwa, kwa sababu mtu mzima akiaibika hivyo harudi tena. Na siku hizi hata kazi yenyewe imenichanganya, Alhamisi iliyopita nimemrudishia mkoba kumbe skrubu ya kile kifungo sikuikaza, nimesahau, mimi ambaye katika maisha yangu sijawahi kusahau skrubu. Nifanye nini? Tafadhali usinitaje, ingawa mama mkwe hasomi magazeti, anasema yanampandisha presha, na shemeji husoma michezo tu.

Ni mimi, Fundi wa Wiki Tatu

JIBU

Fundi, pole kwa hilo jina, na kwanza kabisa weka chini kopo la vanishi. Mtu uliyekaa na ngozi miaka yote hiyo unafikiriaje kuipaka vanishi ya kabati? Ungeniandikia kwamba umeshaipaka, barua yako ningeichana.

Sasa nisikilize. Unajua kutazama uzi, hujui kutazama mtu. Umesimama dirishani ukachunguza ncha za nyuzi hadi manyoya yake, ukagundua mkasi, ukagundua kijiko, halafu akili ikaishia hapo ukaanza kujiuliza kama unakomolewa. Hebu rudi kwenye barua yako. Wewe mwenyewe umeniambia ulimfundisha kwamba wino hautoki na mafuta ya kupikia hayatoki. Mwaka mzima, Fundi, mkoba umewahi kuja na wino? Umewahi kuja na mafuta? Umekuja na chai, na mikwaruzo, na mshono. Vitu vitatu ulivyomwambia unaviweza. Anayetaka kukuaibisha angekuletea doa la wino akae aone unavyohangaika. Huyu mama anauumiza mkoba wa marehemu mume wake, kitu anachokipenda kuliko vyote alivyobakiwa navyo, na anauumiza pale tu ambapo ana hakika utauponya. Amekuamini kiasi hicho. Mimi nina wakwe wawili na hakuna hata mmoja angenikabidhi mwavuli.

Anachokifuata kwako ni kile kiti. Nyumba ya shemeji yako wote wanatoka asubuhi, sivyo? Hukusema, lakini nyumba nyingi ziko hivyo. Amezoea miaka mingi kuwa na mtu wa kubishana naye rangi ya mkoba, na mtu huyo hayupo. Kwako anapata wa kumuuliza maswali na wa kumchekesha, na hawezi kuja mikono mitupu, kwa sababu mama mkwe kwenda kushinda kwa mkwe wake bila shughuli anaona ni kujishusha. Kwa hiyo anabeba shughuli begani. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo, na pengine kwa mkasi butu zaidi.

Jina lako kazini linauma, nakubali, na huyo mteja aliyeondoka nakupa pole ya kweli. Lakini usilisafishe kwa kumchafua mama. Mke wako mwambie, siku ametulia, amevua viatu, na uanze kwa kumwambia kwamba mama yake ana upweke kabla hujafika kwenye mkasi. Ukianza na mkasi atasikia kwamba umemwita mama yake mwongo na hutamaliza sentensi. Shemeji usimwambie lolote, ila mwalike Alhamisi moja aje amwone mama yake anavyocheka. Naye ana la kujiuliza.

Na mama mwenyewe usimuulize kabisa. Nyuzi usizitaje, chai usiitaje. Utamwambia la kwako.

Ndiyo, unalo la kwako, usijifanye hulijui. Hukuisahau ile skrubu. Miaka kumi na tisa ya viti vya magari hukusahau skrubu, ukaja kusahau hiyo moja, kwenye mkoba huo mmoja, Alhamisi hiyo? Unanieleza una redio, huna ugomvi na mtu, maisha ni mazuri, na katika barua yote hiyo hakuna siku uliyoitaja kwa jina isipokuwa Alhamisi. Ulipogundua kwamba mkoba unaharibiwa makusudi, uliogopa kwamba siku moja utaacha kuharibika. Ukaacha kifungo kilegee ili kimrudishe. Nyote wawili mnadanganyana kwa mkoba mmoja, na kusema kweli, kwa mara ya kwanza wiki hii nimecheka peke yangu mbele ya meza hii ya barua.

Basi fanya hivi. Kabla ya Alhamisi yake ijayo tafuta kiti kizuri kuliko hicho alichokuwa anavuta, chenye mgongo, ukiweke upande wako wa kazi, palepale penye mwanga. Chagua mkoba wa mteja usio na ugumu, unaohitaji brashi na mafuta tu, na umwandalie brashi yake na kitambaa chake. Akiingia na kusema hajui umepatwa na nini, mwambie, "Mama, kosa ni langu. Hii skrubu sikuikaza makusudi, nilitaka urudi." Halafu nyamaza. Usiongeze neno hata moja, maana najua mafundi mkianza kujieleza. Anaweza kucheka, anaweza kulia, anaweza kusingizia moshi umemwingia machoni na jikoni hakujawashwa kitu. Akitaka kukiri ya kwake, atakiri. Asipotaka, ni mtu mzima, muachie yake.

Kisha mpe ule mkoba wa mteja na umwambie kwamba kazi zimekuzidi na unahitaji mtu aliyefundishwa vizuri, na hilo si uongo, umemfundisha wewe. Mteja akimkuta mezani, mtambulishe kama mwenzako wa kazi. Nakuhakikishia hakuna atakayekuita Fundi wa Wiki Tatu mbele ya mama huyo mara mbili.

Kuhusu ule wa kahawia, na huu ni upande wako lakini nausema hata hivyo, chukua bisibisi ukikaze kifungo hicho mbele ya macho yake, kikazike kweli, mkoba umrudishie begani ukiwa mzima. Alhamisi yake itakayofuata, saa zake za kawaida, usiwashe redio, kaa usikilize mlango. Akigonga, na mkoba hauna hata doa, hutakuwa na sababu ya kumuuliza amefuata nini.