Kona Niliyoisusa

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Ile programu uliyoniwekea kwenye kompyuta inanipa raha kuliko runinga. Watafiti hunitumia picha za damu zilizopigwa kwa hadubini, nami nazungushia duara kila seli yenye vimelea, ili kompyuta ijifunze kuvitambua. Maabara imenifuata hadi kustaafu.

Juzi mtafiti mmoja alinipigia simu akicheka. "Bibi, seli za kona ya juu kulia zimekukosea nini? Umezisusa kwenye kila picha."

Nikageuza picha moja juu chini, nikaanza upya. Zile nilizoziruka mwanzo nikaziona vizuri, lakini nikaziruka zilizokuja kukaa mahali pao. Basi kasoro haikuwa kwenye picha. Unajua mimi hufumba jicho la kushoto nikifanya kazi, mazoea ya hadubini zetu za tundu moja. Nilipolifumbua, seli zote zikajitokeza.

Daktari wa macho atanipima Jumatatu. Anasema tukiuwahi ugonjwa, uoni uliobaki unaweza kusalimika. Mama yako sijamwambia. Ataizima kompyuta kwanza, ndipo aulize. Njoo unipeleke wewe.

Ulinieleza kwamba programu hiyo ni ya wote, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Irekebishe basi, kila picha inijie mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa. Sitaki mgonjwa wa mtu apitwe kwa sababu ya jicho langu.

Mkeo wa kwanza,
Bibi