Injini Iliyolala Chumbani Kwetu

Jumatano, Munje. Rasharasha ya asubuhi imekatika na jua limetoka. Mikono yangu bado inanuka petroli hata baada ya sabuni na ndimu. Naandika kwenye simu kwa dole gumba moja tu, la pili limechunwa na kamba ya kuwashia injini.

Alhamdulillahi. Nianze na hilo, nisije nikalisahau kwa uchovu.

Shajara, wewe unajua tulikotoka. Nilikuanza nikiwa kitandani, mguu umefungwa plasta, baada ya kuanguka mnazini. Mtu wa bahari miaka yote hiyo, nikaenda kuvunjikia nchi kavu kwa tamaa ya dafu. Watani wangu hawajalimaliza hilo mpaka leo.

Tangu hapo boti yangu imelala kifudifudi ufukoni, na injini imelala chumbani kwetu, pembeni mwa kitanda, imesimama juu ya kigogo na kufunikwa shuka. Huwezi kuiacha nje. Injini ikilala nje, asubuhi ina mwenyewe mpya. Mke wangu, Mama Zuhura, akaiita mke mwenza. Usiku akilalamikia harufu yake, na mchana akiipangusa vumbi.

Wiki iliyopita daktari wa Msambweni aliniruhusu kurudi kazini. Mama Zuhura alikuwa amekwenda Kinango kumuuguza mamake, nikaona nimfanyie jambo la kumfurahisha, arudi aikute injini inanguruma. Jirani akanisaidia kuitoa uani. Tukaifunga kwenye ubao, mguu wake tukautumbukiza ndani ya pipa la maji ya kisima.

Haikunguruma.

Sikushangaa mwanzoni. Ilikaa na petroli tumboni tangu siku niliyoanguka, na petroli ikikaa sana huganda kama gundi. Nikaimwaga yote, nikaosha tangi, nikatia mpya na oili yake. Nikafungua kabureta, nikazibua vitundu vyake kwa uzi mwembamba wa waya. Plagi nikazisugua kwa msasa, cheche zikatoka za buluu, safi kabisa. Mpira wa petroli nao nikaubadilisha. Kila nikivuta kamba inashika, inakohoa, inazimika. Nikizitoa plagi, zimelowa chepechepe. Nikizikausha, zinalowa tena.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Juzi niliipiga teke, na kwa kuipiga na mguu mzima nikausimamia ule mbovu. Aliyeumia ni mimi.

Jana nikakata tamaa. Kuna bwana mmoja wa Diani anayewapeleka wageni kuangalia matumbawe, na tangu nianguke amekuwa akiniulizia bei ya injini. Hakuwa peke yake. Ndugu, marafiki, majirani, wote walikuja kunijulia hali na machungwa yao, na mazungumzo yakaishia kwenye injini. Nilikuwa nikikataa. Jana nikampigia mwenyewe, nikamwambia aje leo baada ya Alasiri aichukue ilivyo.

Nilipokata simu nililia. Bila injini mimi si mtu wa baharini tena, ni mtu wa kukaa barazani na kuwauliza wenzangu wamepata nini.

Mama Zuhura amefika leo adhuhuri na kikapu cha mahindi. Nikamweleza yote, pamoja na huyo mteja. Aliweka kikapu chini. Alilizunguka pipa, akaitazama injini, kisha akaniuliza.

"Baba Zuhura, vile vitambaa ulivitoa?"

"Vitambaa gani?"

Tukainyanyua injini kutoka majini. Nyuma ya mguu wake, kwenye kile kitundu cha moshi, palikuwa na kitambaa kilichosokotwa na kusukumwa ndani. Mimi nilikiona tangu Jumamosi nikadhani ni uchafu. Kile kitundu kingine kidogo cha kutolea maji, nacho kimezibwa. Halafu akaingiza vidole katikati ya propela, palipo na njia kubwa ya moshi, akavuta. Kitambaa kikatoka, kikazidi kutoka.

Kumbe nilipokuwa nimelala na plasta, aliwaona mende na nyigu wa udongo wakiizungukazunguka. Akaziba kila tundu aliloliona.

Siku zote hizo nimekuwa nikitafuta maradhi kichwani mwa injini, na yenyewe haina pa kutolea pumzi.

Nikakausha plagi, nikavuta. Mara ya pili ikashika. Moshi ukajaa uani, kuku wakatawanyika, na maji yakaanza kuchuruzika kwenye kitundu chake, dalili kwamba pampu nayo ni nzima. Nikaiacha ingurume. Sijui nilisimama pale muda gani.

Bwana wa Diani akatukuta hivyo. Nikajiandaa kumtaka radhi, lakini alisikiliza kidogo, akacheka, akasema anajua injini isiyouzwa akiisikia. Tukamkaribisha kahawa na kaimati, akarudi na tuktuk yake bila kinyongo. Mungu ambariki.

Alipoondoka ndipo nilipoviangalia vizuri vile vitambaa. Ni leso yake ya manjano, ya ile pea niliyomnunulia harusi ya Zuhura. Sasa nimejua kwa nini hajifungi tena pea hiyo. Leso moja bila mwenzake utakwenda nayo wapi? Nikamuuliza, na matambara ya jikoni yalivyojaa humu ndani, kwa nini akachana leso nzima.

Alikuwa akivisuuza kwenye beseni. Hakuinua hata kichwa.

"Tambara lingeacha nyuzi ndani. Sasa ukirudi baharini, ingekuwaje?"

Ukirudi. Aliichana leso ile siku ambazo daktari mwenyewe alikuwa hajui kama mguu utanibeba hadi chooni. Watu wote waliniuliza bei. Yeye alikuwa akiziba matundu.

Vitambaa viko kambani vinakauka. Amesema nisivitupe, vitafaa tena. Kesho baada ya swala ya alfajiri nashusha boti, na nikijaaliwa samaki, wa kwanza atapanda gari kwenda Kinango kwa mama mkwe. Nikirudi nitapita Ukunda kutafuta pea ya manjano.

Lakini alijuaje kwamba nitarudi, wakati mimi mwenyewe nilikuwa sijui?