Maembe Bila Tangawizi

Kangemi,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee hata kama safari hii hazina uchangamfu uliouzoea. Miguu inaendeleaje? Ule uvimbe wa kifundo umepungua, au bado unakaa na viatu vya wazi? Mimi mwili wangu ni mzima. Kikohozi kilichonisumbua mwezi uliopita kimekwisha, na Mama Ryan, mwajiri wangu wa kule Lavington, hajambo pamoja na watoto wake. Hayo ndiyo mazuri niliyonayo. Nimeyatanguliza kwa sababu wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba barua haianzi na ugomvi.

Najua umekuwa ukinipigia simu tangu Jumatano. Nimeziona zote. Sikupokea kwa sababu kwa simu ungelia, na ukilia mimi hunyamaza, na nikinyamaza jambo linafunikwa kama tulivyozoea kufunika mambo yetu. Ndiyo maana nimeandika. Vaa miwani uisome mwenyewe, Mwaitu, mama yangu. Usimpe kaka yangu Mbithi akusomee, kwa maana naye nimemtaja humu, na si kwa wema.

Nianze pale ulipoambiwa una sukari, miaka miwili iliyopita, Mbithi akakutoa Makueni akakupangia nyumba Kinoo ili uwe karibu na kliniki. Uliniambia sindano si kitu, kinachokuuma ni kunywa chai bila kitu kitamu cha kutafuna. Neno hilo lilinikaa. Mama Ryan alikuwa akiwaokea watoto wake vipande vya oats vyenye matunda katikati, nikamwomba anifundishe. Unachanganya oats na siagi na unga kidogo, unashindilia nusu kwenye trei, unapaka matunda yaliyopikwa yakawa mazito, halafu unanyunyiza nusu iliyobaki juu na kutia ndani ya oveni mpaka pembe zigeuke rangi. Yeye alitumia sukari na jemu ya duka. Mimi nikaondoa vyote viwili, nikapika maembe na ndizi zilizoiva hadi kuwa nyeusi, na nikatia tangawizi nyingi kwa sababu wewe hata maharagwe huyatia tangawizi.

Trei tatu za kwanza zilikuwa chakula cha kuku. Mama Ryan alicheka mpaka akaketi. Nilikuwa nakata vipande vikiwa moto, navyo vinataka kungojewa vipoe, na unajua mimi na kungoja hatupatani. Ya nne ilishikana. Nilikutumia vyote, sikuonja hata kimoja.

Tangu hapo kila Alhamisi, nikishamaliza kazi, wenzangu wakienda kupumzika mimi hubaki kwenye oveni ya watu. Mama Ryan aliniruhusu mradi oats na siagi ninunue mwenyewe. Siku yangu ya mapumziko nilikuwa nashuka mjini, River Road, kwenye maduka ya jumla, nikarudi na mfuko mgongoni. Ijumaa jioni Mbithi akitoka Westlands kutengeneza friji za watu alikuwa akipitia hapa Kangemi kuchukua kopo, akakuletea. Miaka miwili, Mama. Nilikosa wiki moja tu, ile niliyolazwa na taifodi.

Sasa sikiliza ulivyokuwa ukiniagiza. Mwezi wa kwanza ulisema nipunguze tangawizi, inakuchoma kifua. Nilishangaa, lakini nikasema uzee huo. Nikapunguza, ukasema bado, nikaiondoa kabisa. Baadaye ukasema vipande ni vikubwa, nivikate upana wa vidole viwili, nikafikiria meno yako. Siku nilipotia nanasi ulisema linawasha mdomo, nikaachana na nanasi. Halafu ukalalamika kwamba maembe yana nyuzi. Nikayapitisha kwenye chujio la chai, kijiko kwa kijiko, nikiwa nimesimama tangu asubuhi. Na nilijisifu! Nilimwambia Mama Ryan kwamba mimi namjua mama yangu hata ulimi wake.

Mwezi uliopita ukaomba asali. Tulibishana, unakumbuka. Nilikuambia mtu mwenye sukari haombi asali, nawe ukasema ni kidogo tu, maisha yenyewe ni haya haya. Nikatia vijiko viwili. Kuanzia siku hiyo sikuwa na amani. Kila simu ikilia nilijua ni Mbithi ananiambia umeanguka. Nikifunga macho naona mimi ndiye niliyekuua, tena kwa kopo. Mwishowe nilimweleza Mama Ryan, akanipa ruhusa ya Jumatano na kuniazima kipimo cha sukari alichokuwa akitumia marehemu baba yake. Nikaja Kinoo bila kupiga simu.

Umekuwa ukisisitiza sana hiyo simu. Nipigie kwanza nikupikie, ndivyo ulivyoniambia kila mara, nami nikawa naja Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya kukuarifu, nakuta kuku na chapati. Niliwaambia wenzangu kanisani kwamba mama yangu hunipokea kama mgeni wa heshima.

Jumatano lango lilikuwa wazi. Kwenye kizingiti chako alikuwa ameketi msichana wa miaka mitatu hivi, sweta nyekundu, kipande changu mkononi na embe kidevuni. Nilidhani ni wa jirani. Nilifurahi hata, nikasema angalau Mama ana wa kuongea naye mchana. Nikamwuliza jina lake, akasema Ngina. Nikacheka nikamwambia basi sisi ni wajina. Akaniangalia vizuri, bila haya, akasema, "Najua. Wewe ndio wajina. Uko kwa picha ya susu. Wewe hunitumianga keki." Nyanya yake, susu, kumbe ni wewe.

Hapo ndipo nilipoona masikio yake ni ya Mwangangi, yule aliyekuwa wangu. Na kabla sijayaamini macho yangu, nikasikia sauti kutoka ndani ikimwita mtoto aje amalize uji. Sauti hiyo nimelala nayo kitanda kimoja miaka kumi na minne. Ilikuwa ya Veronicah, mdogo wangu.

Wewe unayajua haya yote, lakini leo nataka uyasome yakiwa yameandikwa. Miaka mitano iliyopita watu wa Mwangangi walileta kwetu mbuzi watatu wa ntheo. Kwa desturi yetu nilikuwa mke wake, limebaki kanisa tu. Miezi mitatu baadaye aliondoka na Veronicah. Mbuzi uliwarudisha wewe mwenyewe. Ukasimama mbele ya wajomba ukasema Veronicah hatavuka mlango wako mpaka aje kwangu kwa miguu yake miwili aniombe msamaha. Mimi sikukuomba useme hivyo. Ulisema mwenyewe, nami nikaegemea hapo. Watu waliponiuliza naishije na aibu ile, niliwajibu kwamba nina mama.

Kumbe Veronicah alikuwa amekwisha kuja, si kwangu, kwako. Nilikusikia Jumatano, hata kama nilikuwa nikipiga kelele. Ulisema alikuja mtoto akiwa na miezi minane, ana homa ya mapafu, na usingeweza kumfukuza. Sawa, mtoto mgonjwa hafukuzwi. Lakini homa hiyo ilipona. Wakapanga ploti ya pili kutoka kwako, wewe ukawa unamlea mtoto siku ambazo mama yake yuko kazini mjini, na kila Jumapili ya kwanza Mbithi alibeba nguo zake na kikombe chake na potty yake akavipeleka kule ili mimi nije nile kuku. Mbithi! Ijumaa anachukua kopo mkononi mwangu na kuniambia Mama anakushukuru sana, Jumapili anaficha kikombe cha mtoto.

Na hilo jina. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, hata watoto wa shule wanajua. Wakamruka mama yake Mwangangi wakachukua langu. Ulisema hiyo ndiyo njia ya Veronicah ya kuomba msamaha. Aliniomba lini? Mtu akiitiwa mtoto huambiwa, akaja akampakata, akamletea nguo na kitu cha kula. Mimi sikuambiwa. Lakini kwa kuwa wajina asiyeleta kitu ni aibu, ulihakikisha naleta. Ulimwambia mtoto kila Ijumaa kwamba wajina wake amemtumia keki. Tangawizi ilikuwa inamchoma yeye. Nyuzi za embe zilikuwa zinamkwama yeye. Asali aliitaka yeye.

Mama, nimeumia. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Veronicah alichukua mwanamume, na huyo nilikwisha kumlilia nikanyamaza. Wewe umechukua Alhamisi zangu. Uliniacha nisimame kwenye oveni ya watu nikidhani namlisha mama yangu, kumbe nalea nyumba ya Mwangangi kwa mikono yangu mwenyewe, nanyi wote mnajua, mnanitazama. Nimekaa hapa nikiwaza jambo moja la kijinga, nalo linanitoa machozi kuliko hayo mengine: je, wewe ulikuwa unakula hata kimoja?

Usimtume mchungaji. Usimtume mjomba. Mbithi amekwisha kunijia jana, akasimama mlangoni kwa sababu sikumwambia aingie, akasema mtoto hana makosa. Kana kwamba mimi sijui.

Lakini aliniambia jambo jingine, nalo ndilo limenifanya nitafute kalamu. Alisema tangu Jumatano mtoto hagusi vile vipande. Mkimwekea anasukuma sahani, na akiulizwa hasemi kitu. Mmemtazama mdomo mkidhani ana vidonda. Wewe umesema ni kelele zangu zilizomtisha.

Si kelele, Mama. Wewe ulikuwa nyuma unaanika nguo, hukuona. Niliposikia sauti ya Veronicah, niliinama nikashika kile kipande mkononi mwa mtoto. Hakukiachilia. Nikambandua vidole, kimoja kimoja, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Nikamwambia, "Hii si yako. Ni ya mama yangu." Nikakitupa kwenye mtaro.

Hakulia. Alitazama mtaro, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nilidhani ameenda kunishtaki. Akarudi na kipande kingine kutoka kwenye kopo, akakiweka kwenye kiganja changu akakifunga kwa mikono yake yote miwili. Alidhani nina njaa.

Hapo ndipo ulipotokea na beseni. Ulinikuta nimeshika kipande na mtoto amesimama mbele yangu, nawe ukatabasamu, ukafikiri tumekula pamoja na mambo yamejitengeneza. Tabasamu hilo ndilo lililonifungua mdomo. Yote niliyokutukana baada ya hapo nilikutukana kwa sauti kubwa ili nisilazimike kumtazama yeye. Na mpaka leo hajawaambia. Ameyabeba mwenyewe, mtoto wa miaka mitatu, amenificha kuliko ninavyostahili.

Basi nisikilize. Sijakusamehe. Sisemi sitakusamehe, lakini leo msamaha sina, na nikisema ninao nitakuwa nimejiunga nanyi katika kusema uongo. Veronicah asinitafute bado. Mbithi asahau habari ya kopo. Ila Jumamosi sifanyi kazi. Mlete mtoto. Mbithi amfikishe mpaka mlangoni kwangu, aondoke, amchukue saa kumi. Mimi ndiye niliyemwambia vile vipande si vyake, na ni mimi nitakayemwambia vilikuwa vyake, kwa mdomo wangu, si kwa kumtuma mtu. Nyinyi wengine bakini huko. Katika nyumba hiyo yote, yeye peke yake hajanidanganya.

Wasalimu akina mama wa kanisa la hapo Kinoo, na jirani yako Mama Nzioka, ingawa nadhani naye alijua. Mungu akulinde mpaka nitakapoweza kukuona.

Ni mimi binti yako,

Ngina mkubwa.