Baiskeli Begani

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Nimepanda mlima! Mimi Mwanahalima, mpiga fotokopi wa stendi ya Same, ninayehema nikipanda ngazi tatu za benki. Nimepanda mpaka Mbaga kwa miguu yangu na magurudumu mawili.

Nimetoka baada ya swala ya alfajiri. Mama kanisindikiza mlangoni, kanikagua juu mpaka chini: ushungi, helmeti juu ya ushungi, trakisuti chini ya gauni. Akasema nikianguka nianguke mbali, watu wasijue ni mtoto wa nani. Mama huyu!

Mpaka Mwembe si haba, vumbi tu. Baada ya hapo mlima ukanishika shati. Changarawe, kona, changarawe, kona. Baiskeli yenyewe ni mtumba, fundi Amiri kaifufua, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo. Kina mama wa gengeni wakaniuliza kama ilipata ajali. Nikawaambia ndivyo ilivyozaliwa, wakanipa pole na ndizi mbili.

Lakini uzuri! Kuna mahali njia inapita juu ya mawe yaliyolainika kwa miguu ya watu. Mzee mmoja aliyekuwa anapalilia kahawa akaniambia ndiyo njia waliyobebea mizigo kichwani kwenda gulioni, tangu kabla ya babu yake. Mbele kidogo kanisa la mawe la enzi za Wajerumani, kuta nene, ndani baridi. Nilisimama mlangoni nikashusha pumzi. Nimezaliwa Same, naiona milima hii kila siku nikifungua duka, kumbe sikuwa naijua hata kidogo. Aibu.

Hezroni kapiga simu jioni. Ni mwenyekiti wa klabu yao ya baiskeli kule Moshi, anataka njia ya changarawe ya siku mbili. Watu arobaini, mwisho wa Septemba. Sharti lake moja: niiendeshe yote mwenyewe, simu ikiichora. Akiikubali, kiongozi wa msafara ni mimi. Mimi! Si laminesheni, si "dada nitolee kopi mbili".

Nalala hapahapa Mbaga, miguu inatetemeka hata kitandani.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Sijui nianzie wapi.

Mamba. Tangawizi kila mahali, hadi kwenye miinuko ambako mimi nisingethubutu kusimama. Tatizo: njia ikakatika. Bonde mbele, na barabara ya kuzunguka inanirudisha nilikotoka. Nikamwona mama mmoja amebeba jembe, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, kanga kiunoni. Nikamwamkia. Marahaba mwanangu, unatafuta nini na hilo dude? Ndiye Mama Koleta, mwenyekiti wa kamati ya ndiva.

Akanipeleka kuiona. Ndiva ni bwawa walilochimba babu zao: maji ya kijito yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa yanateremka mferejini kwa zamu, shamba hadi shamba. Hakuna punje ya saruji. Ukingo wote ni mawe na udongo ulioshindiliwa, umejipinda taratibu, majani mafupi juu kama zulia. Upande mmoja maji yametulia. Upande wa pili tangawizi, mahindi, migomba, halafu chini kabisa nyika ya Mkomazi inakwenda mpaka macho yanachoka. Nililia. Kweli, nililia, na Mama Koleta akajifanya anafunga kanga.

Ukingo ndio unaounganisha njia. Nikapanda baiskeli niondoke. Akaishika tandiko! Hapa haipandwi, akasema. Mtu anapita kwa mguu, mzigo begani, gurudumu halikanyagi. Gurudumu linachimba mfereji, mfereji unaita maji, na maji yakishajua njia huyazuii tena. Basi nikaibeba. Hatua mia moja na arobaini, nilihesabu, bega likiungua, yeye nyuma yangu akicheka kwamba nimeoa baiskeli.

Upande wa pili kanipa uji, kaniambia nina adabu, tukapeana namba za simu. Kisha mteremko mpaka Kisiwani, breki zinanukia, na mimi napiga kelele peke yangu kwa furaha.

Jumanne, 13 Agosti 2024

Nimemtumia Hezroni njia. Kapiga simu palepale, anaisifu kwa kelele. Hasa ile ya kando ya maji! Akauliza: hukusukuma popote?

Nikasema sikushuka popote.

Sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliuliza kwa sauti ile ya wanaume wanapouliza. Halafu nikaiposti kwenye ukurasa wa waendesha baiskeli, kwa jina langu la utani, na picha ya baiskeli imeegemea mgomba pale ukingoni. Nikaandika: "Same, Mbaga, Mamba, Kisiwani. Sijashuka hata mara moja!"

Ni uongo mdogo. Mstari wa simu unaonyesha ulipopita, hauonyeshi nani alimbeba mwenzake.

Jumapili, 1 Septemba 2024

Laiki mia tatu na kitu! Watu wa Arusha wameshaiendesha, wamenisifu. Wengine wanasema hata pikipiki inapita, ni njia ya mkato nzuri kuliko zote Upareni. Amiri kabandika picha yangu kibandani kwake, juu ya pampu. Mama kajifanya hajaiona, lakini kampitisha jirani pale mara mbili.

Jumatano, 4 Septemba 2024

Mama Koleta kapiga simu. Nilidhani ananisalimia.

Kasema ukingo umechimbika. Baiskeli zinapita, na sasa bodaboda nazo, zimebeba viroba vya tangawizi. Maji yamepata upenyo, ndiva haijai hata nusu, mashamba ya chini hayajapata zamu wiki ya pili. Tangawizi inakauka ikiwa bado changa. Hawaelewi watu wametoka wapi ghafla. Halafu akasema, kwa sauti ya upole kabisa: wangekuwa wote kama wewe, mwanangu.

Nikasema pole mama. Pole mama! Basi. Nikakata simu nikaenda kumtolea mtu kopi za cheti, nikaharibu karatasi nne.

Alhamisi, 5 Septemba 2024

Nimefuta posti. Kwa dakika kumi nikajiona msafi.

Kisha nikamwambia Hezroni ile njia ina matatizo, nimeitoa. Akacheka: usijali dada, tulishaihifadhi wote.

Nikasema ukingo ule haupandwi. Akauliza, si ulisema wewe uliupanda? Nikasema mtandao unakatika. Mjinga mimi! Muoga mjinga.

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Naandika nimekaa kwenye jiwe, mikono udongo mtupu. Leo ni msaragambo, kijiji kizima kimetoka kuziba ukingo. Nilikuja bila kuitwa, habari niliisikia kwa wauza tangawizi wa stendi. Nimeendesha tangu usiku wa manane, nimefika watu wanaanza kugawana majembe.

Sijawahi kuona kazi ya namna hii. Hakuna msimamizi, hakuna anayefokewa. Wanaume wanaleta mawe, wanawake wanapokezana makarai ya udongo, wengine wanashindilia kwa miguu kwa mpigo mmoja, wanaimba kwa Chasu, lugha yao, nyimbo nisizozijua. Bibi mmoja hawezi kuinama, kakaa pembeni anachagua mawe, hili ndiyo, hili hapana, na hakuna anayembishia. Niliwekwa kwenye mstari wa makarai na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nimewapenda watu hawa mpaka kifua kinauma.

Sasa ni mapumziko ya makande. Baada ya hapo ni kikao. Ajenda ni moja: Paschal. Ndiye bodaboda wa kwanza kuonekana juu ya ukingo, na wengine wakamfuata. Wanataka asibebe tena tangawizi ya huku, msimu huu wala ujao. Ana pikipiki ya mkataba na mke mjamzito. Yote hayo kanieleza mwenyewe, maana kaja kukaa karibu yangu na sahani yake.

Anasema hakupita kwa kiburi. Alitumiwa skrinishoti, akaona mtu kapita juu hajashuka hata mara moja, akajua panapitika. Akanionyesha. Maneno yangu yaleyale. Picha yangu. Baiskeli, usukani wa pembe za kondoo, imeegemea mgomba.



Akaiangalia picha. Akainua macho akaiangalia baiskeli yangu, imeegemea mgomba uleule. Kisha akanisogezea bakuli la pilipili, akaniuliza kama sisi watu wa Same tunakula.

Nitasema. Nikisema, Mama Koleta atanitazama vipi? Na msafara ndio basi, na mlima huu sijui kama nitaruhusiwa kuupanda tena. Nikinyamaza, Paschal anaondoka na hatia yangu, na anajua ni yangu.

Mama Koleta amesimama juu ya ukingo mpya. Anasema kabla ya kumhukumu mtu, kwanza watu waone jinsi ukingo unavyopitwa. Yule binti wa Same aje, abebe baiskeli yake kama siku ile, kila mtu ajifunze. Wanapiga makofi. Jamani, wananipigia makofi!

Paschal ameweka sahani chini. Ameenda mwenyewe kuichukua baiskeli mgombani. Haiburuzi, kaiweka begani, anakuja nayo kwangu taratibu, mbele ya watu wote.

Ameshafika. Ananinyooshea usukani, anasubiri nifunge daftari.